Soketi na swichi za Smart Life katika nyumba ya wageni Mbeya: tathmini ya vifaa na ya mfumo ulio nyuma yake

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanjelwa na Kabwe, rafu ya vifaa janja imejaa majina ambayo hata wauzaji huyatamka kwa kusitasita, na balbu nyingine hazina jina lolote isipokuwa alama ya Wi-Fi juu ya boksi. Ukigeuza maboksi hayo na kusoma upande wa nyuma, mengi yanakuelekeza kwenye programu moja ya simu iitwayo Smart Life, au kwenye ndugu yake Tuya Smart. Tathmini hii inahusu vifaa vya aina hiyo vilivyofungwa katika nyumba ya wageni ninayoisimamia eneo la Forest, jijini Mbeya, na inahusu vilevile mkakati wa kampuni iliyo nyuma yake, kwa sababu anayenunua soketi ya namna hii anaingia pia katika uhusiano wa miaka mingi na seva, yaani kompyuta ya mbali ya kampuni, ambayo hataiona kamwe. Kwa taa na soketi za kawaida, navipendekeza, hasa vile vyenye alama ya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa janja nitakachokieleza mbele. Kwa hita za maji, vinafaa kwa masharti ambayo nitayaeleza kwa kirefu. Kwa kamera na kufuli za vyumba vya wageni, bado sivipendekezi.

Tuya, iliyo nyuma ya programu hizo, ni kampuni ya China yenye makao yake Hangzhou, iliyoanzishwa mwaka 2014 na kuorodheshwa katika soko la hisa la New York mwaka 2021. Biashara yake kuu ni kuwauzia watengenezaji wengine kile kijisehemu cha ndani kinachoipa soketi mawasiliano, pamoja na seva na programu ya simu, ili kiwanda chochote kinachojua kutengeneza swichi ya kawaida kiweze kuuza swichi janja bila kuajiri wahandisi wa programu. Ndiyo maana majina ni mengi na programu ni moja. Kwa mnunuzi wa Mbeya au Iringa, ambaye hawezi kuwa na uhakika kwamba duka litaleta tena bidhaa ileile mwezi ujao, hili lina faida kubwa: swichi ya jina moja iliyonunuliwa Mwanjelwa na soketi ya jina jingine iliyonunuliwa Miyomboni, Iringa, hukaa katika orodha moja ya simu na kufuata ratiba moja. Jina lililochapishwa kwenye boksi likitoweka sokoni, programu haitoweki nalo.

Mkakati huo unaeleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na wa kampuni kubwa zilizotangulia. Apple ilipotangaza HomeKit, mfumo wake wa vifaa janja vya nyumbani, mwaka 2014, iliwataka watengenezaji waweke ndani ya kila kifaa chipu maalumu ya uthibitisho. Usalama uliimarika, lakini bei ilipanda na vifaa vikawa vichache, hadi mwaka 2017 kampuni hiyo ilipokubali uthibitisho wa programu bila chipu. Google iliinunua Nest, kampuni ya vifaa janja vya nyumbani, mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.2, na katika mwaka huohuo Nest ikainunua Revolv, kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza kifaa cha kuunganisha vifaa vya nyumbani kwa takriban dola 300. Mwezi Mei 2016 seva za Revolv zilizimwa, na kifaa kile kikabaki plastiki tupu mikononi mwa watu waliokilipia. Mwishoni mwa mwaka 2015, Philips Hue, mfumo wa balbu janja, ilitoa sasisho lililozuia balbu za watengenezaji wengine, kisha ikalirudisha nyuma baada ya wateja kupaza sauti. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima seva zake ghafla, na wateja waligundua hivyo taa zilipoacha kusikia simu. Matukio haya yote yalitokea mbali na Nyanda za Juu Kusini, lakini vifaa vinavyofika kwetu vimejengwa kwa mantiki ileile, na anayevifunga ukutani hapa Uyole anabeba hatari ileile aliyoibeba mnunuzi wa California, tena bila ofisi ya karibu ya kwenda kulalamikia.

Tuya imechagua njia ya kuwa wazi kwa watengenezaji na kubana kwa upande wa seva. Mtengenezaji yeyote anakaribishwa, ila amri nyingi na akaunti zote hupita katika mfumo wake. Akaunti hufunguliwa kwa kuchagua nchi, na chaguo hilo huamua ni kituo gani cha data kitakachokuhudumia; ukitaka kuhamia nchi nyingine, unafungua akaunti mpya na kuunganisha kila kifaa upya. Kwa nyumba yenye balbu mbili hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kadhaa ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo nchi ichaguliwe kwa uangalifu siku ya kwanza.

Kabla ya mambo ya programu, hata hivyo, kuna upatanifu wa ukuta wenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi za wanunuzi wa mikoani zinapotea. Nyumba zetu zimefungwa kwa mtindo wa Uingereza: volti 230, plagi ya pini tatu bapa, na kisanduku cha swichi cha mraba. Sokoni zimo swichi za umbo la mstatili zilizotengenezwa kwa ajili ya Amerika, ambazo hazikai katika kisanduku chetu hata kwa kulazimishwa, na baadhi yake hazikutengenezwa kwa volti zetu. Balbu nazo ni za aina mbili, ya pini na ya kuzungusha, na programu haitakuambia umebeba ipi. Haya huonekana dukani kwa macho. Lisiloonekana ni waya wa nyutro, ule unaokamilisha mzunguko wa umeme. Mafundi wetu wengi hushusha kwenye swichi waya wa laivu na ule unaorudi kwenye taa, basi. Nyutro hubaki juu darini. Swichi janja nyingi huhitaji nyutro ili kifaa kilicho ndani yake kibaki hai hata taa ikiwa imezimwa, na ukikosa waya huo una njia mbili: kupasua plasta na kushusha waya mpya, au kununua aina isiyohitaji nyutro. Aina hiyo ya pili hupitisha mkondo mdogo kwenye balbu muda wote, na kwa balbu za LED zenye wati chache matokeo yake ni taa inayopepesa au inayowaka kwa mbali usiku kucha. Kikapasita kidogo kinachofungwa pale kwenye balbu huondoa tatizo hilo, na mara nyingi huwa ndani ya boksi, lakini nimeona mafundi wakikitupa pamoja na karatasi ya maelekezo kwa kudhani ni kipuri cha ziada. Mwambie fundi afungue swichi moja na kuangalia nyaya kabla hujaenda dukani.

Sasa hita, ambazo kwa Mbeya ndizo sababu hasa ya mtu kufikiria vifaa hivi. Mwezi wa Juni na Julai, mgeni anayefika usiku kwa basi la Dar es Salaam huuliza maji ya moto kabla hajauliza chakula, na anayelipia uniti za LUKU ndiye anayejua gharama ya jibu la swali hilo. Shawa ya umeme ya kilowati 5 hula uniti moja kwa kila dakika 12 ikiwaka, na huvuta karibu ampea 22. Soketi janja ya pini tatu haiwezi kubeba mzigo huo na isijaribiwe kabisa, hata kama kwenye boksi imeandikwa ampea 16, kwa sababu plagi ya mtindo huu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani chini kidogo ya wati 3,000. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wauzaji wengi huzungumzia Wi-Fi na hawazungumzii ampea kabisa, na soketi iliyozidiwa huyeyuka taratibu bila kelele nyuma ya kabati.

Hita ya tangi ni jambo tofauti. Tangi la wati 1,500 huvuta takriban ampea 6.5, na swichi ya Wi-Fi ya ampea 16 inayofungwa ndani ya kisanduku cha hita hulibeba bila shida, mradi nyaya ziwe za unene unaostahili. Kwa mzigo mkubwa zaidi, fundi afunge kontakta: swichi janja iamuru kontakta, na kontakta ndiyo ikate na kuunganisha umeme wa hita. Mpangilio huo ndio uliowekwa hapa, matangi yakiwaka alfajiri na jioni tu, na ndiyo sehemu ya mfumo huu ninayoithamini kuliko zote. Wageni hawajalalamika kukosa maji ya moto, na matumizi ya uniti yamepungua kwa kiasi ambacho mlipaji anakiona bila kuhitaji darubini.

Kuna mpangilio mmoja katika Smart Life ambao kila mwenye hita anapaswa kuutafuta kabla ya mwingine wowote, nao ni ule unaoamua kifaa kifanye nini umeme wa TANESCO unaporudi baada ya kukatika. Chaguo huwa ni tatu: kiwake, kibaki kimezimwa, au kirudi katika hali kilichokuwa nayo. Kwa hita, chagua kibaki kimezimwa. Kwa taa ya lango, kirudi katika hali yake ya awali. Vifaa visivyo na mpangilio huo vipo pia, na balbu za bei ya chini huwaka zote kwa pamoja umeme unaporudi saa nane ya usiku, jambo ambalo mgeni aliyelala hawezi kulisamehe. Uliza, na ikiwezekana jaribu palepale dukani kwa kuchomoa na kuchomeka.

Vifaa vingi vya Wi-Fi vya kundi hili hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Kwetu hilo si hasara, maana masafa hayo hupenya kuta nene za matofali ya kuchoma vizuri zaidi kuliko yale ya gigahezi 5. Tatizo huja pale ruta inapoyapa masafa yote mawili jina moja, na simu inashika ya 5 wakati soketi inatafuta ya 2.4. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, yatenganishe majina wakati wa kuunganisha, na kazi itaisha haraka. Kumbuka pia kwamba ruta nyingi ndogo za 4G zimewekewa kikomo cha idadi ya vifaa, na simu za wageni zinahesabika humo. Vihisio vya milango na vitufe vya betri ni afadhali viwe vya Zigbee, aina nyingine ya mawasiliano yasiyo ya waya, ambavyo hupita nje ya Wi-Fi na hupokezana ujumbe kupitia vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme, ingawa vinahitaji kituo chake cha kuviunganisha.

Jambo linaloamua kama mfumo unafaa kwa mikoa yetu ni hili: bando likiisha, au mnara ukinyamaza wakati wa radi za masika, je, taa inamtii mwenye nyumba? Kwa Smart Life jibu ni la kifaa kwa kifaa. Simu na soketi zikiwa kwenye Wi-Fi moja, vifaa vingi hupokea amri moja kwa moja ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa imekatika. Ratiba ni habari nyingine: baadhi ya modeli huihifadhi ndani ya kifaa, nyingine hutegemea seva itume amri kila saa inapofika. Ratiba ya hita inayotegemea seva ni hatari pande zote mbili, kwani inaweza kushindwa kuwasha na inaweza pia kushindwa kuzima. Njia ya kupima ni rahisi: weka ratiba ya dakika kumi zijazo, toa laini ya simu kwenye ruta huku Wi-Fi ikiendelea, kisha subiri. Kifaa kilichoshindwa mtihani huo sikukifunga kwenye hita. Kwa ruta yenyewe, UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inatosha kuibakisha hai wakati umeme umekatika.

Matter inastahili kuzungumzwa hapa, kwa sababu ndiyo jibu ambalo kampuni kubwa zenyewe zimelitoa kwa tatizo zililolisababisha. Desemba 2019, Amazon, Apple, Google na muungano uliokuwa ukisimamia Zigbee zilitangaza kwamba zitatengeneza kiwango kimoja cha pamoja. Kikapewa jina la Matter mwaka 2021, na toleo lake la kwanza likatoka Oktoba 2022. Kifaa cha Matter huzungumza ndani ya mtandao wa nyumba, kupitia Wi-Fi, Thread (mtandao mwingine usio wa waya wa vifaa vidogo) au waya, bila kulazimika kwenda kwenye seva ya ng'ambo, na kinaweza kuwatii wasimamizi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja: programu ya Apple kwenye simu ya mke, ya Google kwenye simu ya mume, na Smart Life kwenye simu ya msimamizi. Tuya nayo imeingia humo, na baadhi ya soketi zinazotumia mfumo wake sasa huja na alama ya Matter. Soketi ya aina hiyo iliyofungwa mapokezi huitika upesi kuliko nyingine zote nilizonazo, na intaneti ikikatika haionyeshi tofauti yoyote. Iliuzwa kwa bei ya juu kidogo kuliko soketi ya kawaida ya Smart Life, na nyongeza hiyo naiona ni halali kabisa.

Lakini alama hiyo isisomwe kama ahadi ya kila kitu. Kupima matumizi ya umeme, ambako kwa mtumiaji wa LUKU ndiko kwenye faida kubwa, kuliingia katika kiwango hicho kwenye toleo la 1.3, Mei 2024. Soketi ya Matter ya zamani inaweza kuonyesha uniti ndani ya Smart Life na isionyeshe chochote katika programu nyingine. Vilevile, mlango wa kuingilia bado uko mikononi mwa kampuni zilezile. Ili kufaidi Matter kikamilifu, kila mfumo hutaka kifaa chake kinachokaa nyumbani muda wote: spika ya Nest kwa Google, Echo kwa Amazon, HomePod au Apple TV kwa Apple. Kiwango ni cha wote, ilhali funguo za nyumba bado zinauzwa na wachache, na sidhani kama jambo hilo limetokea kwa bahati.

Njia iliyo huru zaidi ni Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013 na ambayo tangu 2024 iko chini ya taasisi isiyotafuta faida. Hukaa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au kompyuta yoyote kuukuu, nayo huunganisha vifaa vya Matter, Zigbee na vya Tuya pia, ingawa muunganisho wake rasmi na Tuya hupita kwenye seva za kampuni. Inadai muda wa kujifunza. Mtu mwenye nyumba ya kawaida hana haja nayo, ila mwenye hoteli anaweza kumpata mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya akamfungia na kumfundisha, na fedha hiyo itakuwa imebaki mjini.

Kuhusu kuamuru kwa sauti, wauzaji hupenda kusema kwamba kila kifaa kinafanya kazi na Google na Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon. Ni kweli kwa vingi. Hata hivyo Alexa na Siri, ile ya Apple, hazipokei amri kwa Kiswahili, na mhudumu wa usiku ambaye angefaidika zaidi kwa kusema tu «zima taa ya ua» ndiye aliyeachwa nje. Vitufe vya ukutani vimetufaa zaidi ya spika yoyote.

Kamera na kufuli nimezitenga kwa sababu mbili. Kwanza, kamera zimechelewa sana kuingia katika Matter, zikikubaliwa katika toleo la 1.5 la mwishoni mwa 2025, hivyo kamera nyingi zilizoko madukani leo bado zinategemea programu ya mtengenezaji mmoja. Pili, picha ya mgeni ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya ajue zinahifadhiwa wapi na zinasafirishwa kwenda nje ya nchi kwa masharti gani. Mimi siwezi kumjibu mgeni swali hilo nikiwa na kamera inayotuma picha zake kwenye seva ya mbali. Kamera ya lango inayorekodi kwenye kadi au kwenye mashine iliyomo ndani ya nyumba inatosha. Kufuli za funguo za chuma zibaki.

Umiliki wa akaunti ndio jambo ambalo hapa kwetu linaharibu vifaa vizuri kuliko kasoro yoyote ya kiwandani. Fundi anapomaliza kufunga, mara nyingi huwa ameunganisha kila kitu kwenye Smart Life ya simu yake mwenyewe, kwa nia njema ya kujaribu, kisha humpa mwenye nyumba ruhusa ya mgeni. Kwa mfumo wa Tuya, mwenye akaunti iliyounganisha kifaa ndiye mmiliki wake. Yule aliyealikwa hawezi kukitoa wala kuwaondoa wengine, na siku fundi akipoteza simu au mkikosana kuhusu malipo, hita zako ziko mikononi mwa mtu mwingine. Nyumba ifunguliwe akaunti yake yenyewe kwa barua pepe ya biashara, mmiliki aishike, na fundi awe ndiye mwalikwa. Kwa vifaa vya Matter, piga picha msimbo wa QR na ile namba ya tarakimu 11 kabla swichi haijaingia ukutani, kwani mara nyingi hubandikwa upande wa nyuma, na bila namba hiyo hakuna programu itakayokipokea kifaa kikishafutwa na kurudishwa kama kilivyotoka kiwandani. Picha hizo ziwekwe pamoja na ramani ya nyaya na risiti za duka, katika faili moja linalokaa ofisini.